Maabara Hujibu Inachoulizwa

Mwishoni mwa 2011, wagonjwa wa moyo mjini Lahore, Pakistan, walianza kurudi hospitali na dalili zisizohusiana na moyo. Ngozi zilikuwa zimebadilika kuwa nyeusi, walivuja damu, na chembe nyeupe na chembe sahani za damu zilikuwa zimeshuka vibaya. Jiji lilikuwa limetoka kwenye mlipuko mkubwa wa homa ya dengi, kwa hiyo dengi ndiyo iliyoshukiwa kwanza. Lakini wagonjwa hawa walikuwa na jambo moja linalowaunganisha: walikuwa wakipewa dawa za bure na Punjab Institute of Cardiology, hospitali ya umma. Zaidi ya watu 200 walikufa. Jibu lilipatikana Februari 2012 kutoka maabara ya mamlaka ya dawa ya Uingereza, ng'ambo kabisa: toleo namba J093 la Isotab, kidonge cha kutanua mishipa ya damu, lilikuwa limechanganyika kiwandani na pyrimethamine, takriban miligramu 50 kwa kila kidonge. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua dawa hiyo hata kama jina linamtatiza. Ni nusu ya SP, vile vidonge vitatu anavyomeza mama mjamzito kliniki kujikinga na malaria. Dozi hiyo ina miligramu 75 za pyrimethamine, na hairudiwi kabla ya mwezi kupita. Mgonjwa wa Lahore aliipita kwa siku mbili, kisha akaendelea kumeza kila siku hadi uboho wake ukashindwa kutengeneza damu.

Wengi hulieleza janga hili kama hadithi ya maabara dhaifu za nchi maskini. Maelezo hayo yana ukweli wake, ila yanaliacha jambo kubwa zaidi nje. Upimaji wa kawaida wa dawa ulijengwa ili kumnasa mwizi. Unauliza kama kiambata kilichoandikwa kwenye lebo kimo, kama kinatosha, na kama kidonge kinayeyuka inavyopaswa. Yule anayeuza chaki kama dawa ya malaria hunaswa hapo, na ndiyo maana sanduku la kupimia dawa la Minilab, lililobuniwa Ujerumani, limefanya kazi ya maana katika vituo vya mipakani vya Tanzania. Lakini kidonge cha Lahore hakikuibiwa kitu. Dawa ya moyo ilikuwemo, na kilichoua ni kile kilichozidi. Maabara huona kirahisi upungufu wa kitu inachokitafuta, ila ziada ambayo hakuna aliyeidhania inaweza kupita mbele ya macho yake.

Historia ya sumu iitwayo diethylene glycol inaonyesha jinsi swali jipya linavyochelewa kuingia katika orodha ya vipimo. Mwaka 1937 dawa ya maji ya sulfanilamide iliyokuwa na sumu hiyo iliua zaidi ya watu 100 Marekani. Mtengenezaji alikuwa ameikagua ladha, harufu na mwonekano, na sheria ya wakati ule haikumdai apime sumu. Sheria ikabadilishwa mwaka uliofuata. Hata hivyo, mwaka 1996 sumu ileile iliua watoto zaidi ya 80 Haiti, na mwaka 2006 ikaingia Panama katika dawa ya kikohozi iliyotengenezwa na maabara ya serikali yenyewe kwa ajili ya wagonjwa wa hifadhi ya jamii. Ndipo mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ikawashauri watengenezaji wapime kila shehena ya glycerine ya kutengenezea dawa kuitafuta sumu hiyo. Swali moja lilichukua miaka 70.

Mtu wa bajeti atauliza kama tunataka kila kidonge kipimwe kila sumu iliyopo duniani. Hapana. Hata nchi tajiri haziwezi, na bohari ikisubiri vipimo vya namna hiyo, wodi zitakaa bila dawa. Pingamizi la pili lina uzito zaidi, kwamba kosa lilikuwa la kiwanda, na dawa iliyoharibiwa huko haiwezi kusafishwa na kipimo cha mwisho. Ni kweli, ukaguzi wa viwanda ndio ngao ya kwanza. Ila ngao hiyo ikivuja, anayejua wa kwanza ni daktari au muuguzi anayeona wagonjwa wasiofanana wakiugua kwa namna moja. Yeye ndiye mwenye swali ambalo maabara haina. Maabara ya taifa ya Kenya ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 na ya Tanzania mwaka 2011, na vifaa vya maabara hizo vinalipa pale swali la wodini linapozifikia mapema.

Hapo ndipo utaratibu wetu unapostahili kuchunguzwa. Nchini Kenya, madhara ya dawa kwa mgonjwa huripotiwa kwa fomu ya njano, na dawa yenye ubora unaotiliwa shaka kwa fomu ya pinki. Mgawanyo huo unafaa pale vidonge vinapobadilika rangi au kumomonyoka mkononi. Kidonge cha Lahore kilikuwa kizima, na hakuna ambaye angekiangalia akachukua fomu ya pinki. Habari yake yote ingekuwa kwenye zile za njano, na jambo la kuamua ni nani anayezisoma pamoja, akiulinganisha mstari wa namba ya toleo kati ya mgonjwa na mgonjwa, na kama ana mamlaka ya kupeleka kidonge maabara siku hiyohiyo.