Mzinga wa Milimita 12

Anayetaka kuzijua meli kwa macho na akae Mama Ngina, Mombasa, alasiri moja. Mlango wa Kilindini pale ni mwembamba, na ukingo wa matumbawe umeinuka juu ya maji, hata meli ya makontena inayoelekea bandarini unaiona ubavu mzima, kutoka omo hadi tezi: mstari wa maji ulivyofifia, kutu inavyochuruzika chini ya tundu la nanga, rangi ilivyobabuka. Mambo hayo hayo ndiyo yanayomkosesha usingizi mtu anayeunda modeli za plastiki. Vipande huja ndani ya boksi, vimeshikamana na fremu. Unavikata, unavipiga msasa, unaviunga kwa gundi, unavipaka rangi. Kazi ngumu huja baadaye, unapojiuliza kama ulichokiunda kinafanana na chombo kilichowahi kuelea.

Biashara ya maboksi haya ilishika kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Airfix, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1939, iliuza modeli yake ya kwanza ya meli, Golden Hind ya Francis Drake, mwaka 1952. Tangu hapo rafu za maduka zimejaa manowari na ndege za kivita. Bahari yetu imo humo, lakini kwa mlango wa vita vya wageni.

Kwa meli moja katika hizo, Mombasa ina ushahidi wa chuma. Nje ya Ngome ya Yesu imesimama mizinga miwili ya Vita vya Kwanza: mmoja ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, wa pili kwenye Pegasus ya Waingereza. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliikuta Pegasus imetia nanga Unguja, mashine zake zikitengenezwa, ikaizamisha. Kisha ikajificha ndani ya matawi ya mto Rufiji, milingoti yake ikifunikwa kwa matawi ya miti, mpaka tarehe 11 Julai 1915 ilipopigwa na manowari mbili za Waingereza, Severn na Mersey, na mabaharia wake wenyewe wakaimalizia. Mizinga yake 10 ilitolewa, ikafungwa magurudumu, ikaenda kupigana bara pamoja na jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck. Ya Pegasus nayo iliopolewa, ikapigana nchi kavu upande wa pili.

Sasa chukua rula. Mdomo wa mzinga wa Königsberg una kipenyo cha milimita 105, na urefu wa mtutu ni mara 40 ya hapo: mita 4.2. Katika kipimo cha 1:350, ambacho wengi hukipenda kwa manowari, mtutu huo unakuwa milimita 12 na tundu lake milimita 0.3. Mzinga wa Pegasus una kipenyo cha milimita 102. Ukiipunguza yote miwili mara 350, hakuna jicho litakaloitofautisha. Lakini mizinga ya Königsberg ilifika mbali zaidi, na hilo ndilo lililoiangamiza Pegasus, kwa maana haikuweza kujibu kwa umbali ule. Modeli inaweza kuwa sahihi kwa kila rula na bado ikalificha jambo lililoamua vita. Ndiyo sababu naona mtathmini asiyejua historia ya meli anapima plastiki tu.

Kuna mtego mwingine. Kampuni ya Revell ya Ujerumani imetoa modeli ya Emden, manowari nyingine ya Kijerumani, kwa kipimo cha 1:350, na wapo wanaoshawishika kuigeuza Königsberg, maana zote mbili zina mabomba matatu ya moshi na mizinga 10 ya namna moja. Emden ilikuwa na urefu wa mita 118.3 na Königsberg mita 115.3. Mita tatu hizo, mezani, ni karibu milimita 9. Si kidogo. Asiyezikata amejenga Emden na kuibandika jina la mwenzake. Mimi ningemwambia akate, au aache jina.

Upande wa pili wa ngome, ndani ya maji, ipo meli ambayo hesabu zake zilianzia kwenye mbao zenyewe. Santo António de Taná, frigeti ya Wareno iliyojengwa Bassein, India, mwaka 1681, ilizama Oktoba 1697 ikiwa imekuja kuiokoa ngome iliyozingirwa na Waomani. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi wakiongozwa na Robin Piercy, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walifukua na kupima sehemu ya chini ya meli hiyo ya kivita: mkuku, mataruma, mbao za ubavu. Ubao uliobaki ni wa chini tu. Yote ya juu, sitaha na shetri, lazima yakisiwe kwa kufuata mikunjo ya mataruma. Hiyo ni kazi ya mwunda modeli, isipokuwa hapa boksi halina picha juu yake.

Na mtepe? Hapo mambo yanageuka kabisa. Chombo hiki cha Lamu na jirani zake, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, chenye tanga la mkeka la mraba na omo iliyochomoza kama shingo ya ngamia, kilitoweka baharini katika karne ya 20. Mtafiti James Hornell aliandika juu yake mwaka 1941. Leo tunaujua mtepe kwa maandishi, picha chache na modeli zilizochongwa na watu waliouona au waliosimuliwa na walioona. Hakuna mzinga wa kuulinganisha nao. Modeli yenyewe ndiyo shahidi, na shahidi mmoja akizidisha urefu wa omo, kila anayemfuata atauzidisha. Mtepe wa ukubwa kamili uliowekwa Beit al-Ajaib, Unguja, ulishonwa mwaka 2003 kwa kutegemea mashahidi kama hao.

Ndiyo maana nikipita Mji wa Kale huwa nasimama sana mbele ya vijahazi vya mbao vinavyouzwa kwa wageni. Kasoro ya kwanza kuitafuta ni tanga. Wengi hulikata pembe tatu, ilhali tanga la jahazi lina ncha fupi iliyokatwa mbele, kwa hiyo pembe zake ni nne. Ya pili ni mlingoti, ambao huegemea mbele, nao wengi huusimamisha wima kama nguzo ya taa. Ya tatu ni foromali, boriti inayobeba tanga, ambayo katika vijahazi vingi ni fupi kupita kiasi ili kitu kiingie kwenye sanduku la mgeni. Fundi anayezikwepa zote tatu huwa amekaa pwani akaangalia, na wapo.

Ninachomwomba fundi huyo ni kidogo: chini ya mkuku, kabla hajapaka rangi, aandike kwa kalamu ya risasi kipimo alichotumia, mwaka, na jahazi gani aliliangalia, na lilikuwa limefungwa bandari ipi.