Alama Njiani: Historia ya Sisimizi katika Simu za Upepo

Zamani za misafara, kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, wapagazi wa bara walikuwa na desturi moja yenye maana kubwa. Kila njia ilipogawanyika, waliotangulia walilaza tawi la mti katika njia isiyofaa, au walichora mstari mavumbini kwa mguu, ili walio nyuma wasipotee. Richard Burton, aliyepita nchi hiyo kati ya mwaka 1857 na 1859, aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1860. Hapakuwa na mtu aliyesimama njia panda kuelekeza. Njia yenyewe ilisema.

Desturi hiyo yafaa kukumbukwa leo katika nchi ya dhahabu, toka Bugarama, jirani ya mgodi wa Bulyanhulu uliofunguliwa mwaka 2001, hata Geita. Dhahabu inapoonekana, watu hujaa mahali pamoja ghafla, na simu zao hujaa pamoja nao. Mnara uliowekwa kwa ajili ya wachache huelemewa na wengi. Wala huo si udhia mdogo, kwani tangu mwaka 2008 Watanzania wamezoea kupelekeana fedha kwa simu: ujumbe ukikwama, dawa hainunuliwi na deni halilipwi.

Msongamano wa namna hiyo ulijulikana kwanza katika mitandao ya nyaya. Mwezi wa Oktoba 1986, huko California, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu jirani, mwendo wa yadi 400 tu, yalishuka toka biti 32,000 kwa sekunde hata biti 40. Kila mashine, ilipokosa jibu, ilirudia kutuma, na kwa kurudia ikazidisha foleni iliyoizuia. Mwaka 1988 Van Jacobson alieleza dawa yake: anayetuma na apunguze mwendo aonapo ujumbe wake unapotea. Hiyo ilikuwa adabu ya kupishana njiani. Lakini haikumfundisha mtu kuchagua njia nyingine.

Fundisho la kuchagua njia lilitoka kwa wadudu. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kifaransa, Pierre-Paul Grassé, aliwachunguza mchwa wa Afrika wakijenga kichuguu, akaona kwamba hawana msimamizi: kazi iliyokwisha kufanywa ndiyo inayomwonyesha mchwa afuataye la kufanya. Akaliita jambo hilo kwa neno lililoundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, alama na kazi. Miaka thelathini baadaye, Simon Goss, Jean-Louis Deneubourg na wenzao huko Brussels waliwapa sisimizi madaraja mawili ya kwenda kwenye chakula, moja refu na moja fupi. Sisimizi huacha harufu apitapo; waliopita daraja fupi walirudi mapema, harufu ikazidi upande huo, na wengine wakaifuata.

Katika tasnifu yake ya mwaka 1992 huko Milano, Marco Dorigo aliigeuza tabia hiyo kuwa algoriti, yaani mfuatano wa hatua za hesabu. Mwaka 1996 Ruud Schoonderwoerd na wenzake waliijaribu katika mfano wa mtandao wa simu wa Uingereza wenye vituo 30. Sisimizi wao wa hesabu walicheleweshwa kila walipopita kituo chenye msongamano, na aliyechelewa aliacha alama hafifu. Hivyo simu mpya zikaepushwa na kituo kilichoelemewa. Gianni Di Caro na Dorigo waliuendeleza utaratibu huo mwaka 1998 kwa jina la AntNet. Na miaka michache baadaye Di Caro, Frederick Ducatelle na Luca Maria Gambardella wakaupeleka katika mitandao isiyo na waya, ambamo vyombo huhamahama na njia ya asubuhi huenda isiwepo jioni.

Hapa mwanalugha ana neno la kusema. Jina simu lenyewe latokana na Kiajemi, nalo maana yake ni waya. Kwa hiyo anayesema simu isiyo na waya amesema, kwa asili ya neno, waya usio na waya. Na wazee walioiita simu ya upepo hawakuona kikwazo chochote. Neno mtandao nalo limetokana na kutanda, kama utando wa buibui. Lugha iliyokwisha kumkaribisha buibui haitashindwa kumkaribisha sisimizi, na lile neno la Grassé laweza kuitwa kwa Kiswahili alama ya njia bila kupungukiwa.

Hata hivyo mfano usivutwe kupita kiasi. Tawi la mpagazi lilikataza, na harufu ya sisimizi huita. Lakini vyote viwili hupotea: tawi hukauka, harufu hupeperuka, na faida kubwa imo katika kupotea huko. Watafiti wa Brussels walipoliweka daraja fupi baada ya sisimizi kuzoea lile refu, wengi wao waliendelea na lile refu, maana harufu ya zamani iliwafunga. Kwa sababu hiyo wanahesabu huifanya alama ya sisimizi wao ififie upesi. Tena sisimizi hao wenyewe ni mzigo, kwani kila mmoja ni ujumbe unaochukua nafasi; wakizidi, huzidisha msongamano waliotumwa kuupunguza. Wala hawawezi kuzaa njia isiyokuwapo: mahali penye mnara mmoja tu, dawa ni mnara wa pili.

Basi historia hii haisemi kwamba wapagazi walivumbua mitandao. Yasema tu kwamba msafiri wa zamani katika nchi hiyo alijua jambo ambalo elimu ililifikia kwa safari ndefu: wengi waweza kuongozwa pasipo kiongozi, ikiwa kila apitaye atamwachia mwenzake alama ya kweli, na alama iliyochakaa ikaachwa ife.