Masaji ya limfu: kabla ya mastaa, ilikuwa ya wenye matende

Wadau wa Singida, mnaiona ile masaji mastaa wetu wanayojirekodi wakifanyiwa: tumbo linaingia limevimba, linatoka bapa. Yaani unaweza kudhani mafuta yameyeyuka. Hayajayeyuka. Kilichosogea ni maji, na mengi yatarudi.

Haikuanzia kwenye urembo hii kitu. Mwaka 1892 Alexander von Winiwarter, daktari wa upasuaji kutoka Austria, aliandika namna ya kutibu miguu iliyovimba sana, tunayoiita matende: kuisafisha, kuifunga bandeji, kuichua na kuifanyisha mazoezi. Haikupata umaarufu.

Wakaja mume na mke wa Denmark, Emil na Estrid Vodder. Miaka ya 1930 walikuwa Cannes, kusini mwa Ufaransa, wakihudumia watu wenye mafua yasiyoisha na tezi zilizovimba shingoni. Madaktari wa enzi hizo hawakutaka tezi ziguswe. Wao wakazigusa, ila kwa wepesi wa ajabu, ngozi ikivutwa kwa miduara tu. Mwaka 1936 wakaionyesha Paris kwenye maonyesho ya afya na urembo, na watu wa urembo wakaidaka hapo hapo. Hospitali zilichelewa. Leo inasaidia hasa wanawake wanaovimba mkono baada ya matibabu ya saratani ya titi.

Sasa sisi huku tumezoea kuchuliwa kwa nguvu. Mtu katoka shamba la alizeti, mgongo umekaza, anataka asikie mifupa inalia. Sawa, lakini hiyo ni masaji nyingine. Mirija mingi ya limfu iko chini kidogo tu ya ngozi, kwa hiyo anayekuminya mpaka unatoka na alama nyeusi hafanyi ya akina Vodder, hata kama bango lake linasema hivyo.

Na jamani, mguu mmoja ukivimba ghafla, unauma, una joto, usimpe mtu auchue. Huenda damu imeganda ndani, na bonge likichomoka linaweza kwenda kwenye mapafu. Anza hospitali. Vivyo hivyo ukiwa na homa, ngozi imekuwa nyekundu, au una ugonjwa wa moyo au figo. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni amuulize kwanza daktari aliyempasua.

Mwenye matende naye saluni si mahali pake pa kuanzia. Kliniki watamfundisha kuosha mguu kwa sabuni kila siku, kukausha katikati ya vidole na kuuinua akipumzika, na hayo anayafanyia nyumbani kwa beseni na taulo.