Sarkoma za nyuma ya utando wa tumbo: upasuaji na matokeo yake

Sarkoma za nyuma ya utando wa tumbo ni saratani adimu za tishu laini. Huota katika nafasi iliyo kati ya utando unaofunika matumbo na misuli ya mgongo, mahali zilipo figo, tezi za adrenali, kongosho na mishipa mikuu ya damu. Kwa watu wazima, katika kila sarkoma 100 za tishu laini, 10 hadi 15 hivi ni za hapa. Nafasi hiyo ni pana na viungo vyake huupisha uvimbe, kwa hiyo mgonjwa aweza kukaa nao miaka bila maumivu. Baadhi huona tumbo limekua, au hushiba kwa matonge machache. Wengine hugunduliwa kwa bahati walipokwenda kupimwa jambo jingine. Mara nyingi uvimbe huwa umekwisha kupita sentimita 15.

Aina mbili ndizo nyingi. Liposarkoma ni ya seli za mafuta, na huwa ya namna mbili: iliyokomaa, inayofanana mno na mafuta ya kawaida, na iliyopoteza ukomavu, ambayo ni kali zaidi. Maabara huitambua kwa wingi wa nakala za jeni MDM2. Leiomiosarkoma hutokana na misuli laini, mara nyingi ya kuta za vena.

Madhara makubwa hutokea pale tumbo linapofunguliwa kabla ya uvimbe kujulikana. Hudhaniwa ni wa figo au wa ovari, hukatwa vipande, na mabaki huachwa ndani. Baada ya hapo hakuna mpasuaji awezaye kuirudisha nafasi ile ya kwanza. Ndiyo maana hutangulia CT ya kifua, tumbo na nyonga, kisha biopsi ya sindano nene, inayopitishwa mgongoni au ubavuni. Hofu kwamba sindano itasambaza saratani ni ya zamani, lakini hatari hiyo imeonekana kuwa ndogo sana. Faida ni kubwa: limfoma nayo huweza kuota hapohapo, na tiba yake ni dawa, si kisu.

Upasuaji ndio tiba pekee yenye uwezo wa kuponya. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ilichapisha mwaka 1998 taarifa ya wagonjwa 500. Kati ya waliokuja na uvimbe wa mara ya kwanza, nusu ya walioondolewa uvimbe wote waliishi zaidi ya miezi 103. Kwa waliobakiziwa sehemu yake, kipimo hicho kilikuwa miezi 18.

Je, kuondoa wote ni kukata hadi wapi? Mwaka 2009 Sylvie Bonvalot wa Ufaransa na Alessandro Gronchi wa Milan walichapisha, kila mmoja na wenzake, hoja ya kuutoa uvimbe pamoja na viungo vinavyougusa hata kama havionekani kuvamiwa: figo, utumbo mpana, msuli wa soasi, pengine wengu na mkia wa kongosho. Sababu ni kwamba ukingo wa liposarkoma hauonekani kwa macho wala hausikiki kwa vidole. Kwa timu zao uvimbe ulirudi mara chache zaidi. Wapinzani walijibu kwamba takwimu zilikuwa za kuangalia nyuma, na kwamba viungo vingi vizima vilitolewa. Leo msimamo wa kati ndio wenye mashiko: figo hutolewa ikiwa ile ya pili imethibitika kufanya kazi vizuri, ilhali duodeni, kichwa cha kongosho na mishipa mikuu huguswa pale tu palipovamiwa.

Vituo vinane vya Ulaya na Amerika Kaskazini vilikusanya wagonjwa 1,007 waliopasuliwa kati ya 2002 na 2011. Asilimia 67 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na 46 baada ya miaka kumi. Asilimia 16.4 walipata madhara makali baada ya upasuaji, na 1.8 walifariki ndani ya siku 30. Hayo ni matokeo ya timu zilizobobea, na hayapaswi kuahidiwa mgonjwa wa mahali ambapo operesheni hii hufanywa mara chache.

Mionzi kabla ya upasuaji ilipimwa katika jaribio la STRASS, lililohusisha wagonjwa 266 na kuchapishwa mwaka 2020. Mionzi ya kipimo cha greyi 50.4 haikupunguza kwa jumla kurudi kwa ugonjwa tumboni: miaka mitatu baadaye, asilimia 60.4 ya waliopewa mionzi hawakuwa nao, dhidi ya 58.7 ya waliopasuliwa tu. Kulikuwa na dalili ya nafuu kwa wenye liposarkoma pekee.

Baada ya upasuaji, aina ya uvimbe ndiyo huamua mkondo wa ugonjwa. Leiomiosarkoma hukimbilia mapafu na ini. Liposarkoma iliyokomaa karibu haisambai kamwe, bali hurudi palepale, hata baada ya miaka kumi, kwa hiyo ufuatiliaji kwa CT hauna kikomo. Ikirudi, mwendo wake wa kukua ndio hutazamwa kwanza. Katika utafiti mmoja wa New York, kupasua tena kuliwasaidia wale ambao liposarkoma yao iliyorudi ilikua chini ya sentimita 0.9 kwa mwezi. Iliyokua kwa kasi zaidi haikuonyesha nafuu hiyo, na kwa wagonjwa hao dawa hufikiriwa kabla ya kisu.