Lenzi ya Nikkor ya milimita 35, f/1.4

Nippon Kogaku ya Japani, ambayo leo ni Nikon, iliitoa mwaka 1971. Tundu lake likifunguliwa lote hupitisha mwanga mara 4 ya lenzi ya f/2.8, hivyo mpiga picha wa magazeti aliweza kufanya kazi usiku bila taa ya kumulika. Taa zilizomo pichani, hata hivyo, huzungukwa na ukungu mwepesi. Mafundi huuita kasoro. Wapo wanaoitafuta lenzi hii kwa ajili ya ukungu huohuo.

Kuibuni kulikuwa kazi. Ndani ya kamera kama Nikon F kuna kioo cha kuakisi kinachoinuka kila picha inapopigwa, na lenzi lazima ikipishe. Ndiyo maana imebeba vipande 9 vya kioo.

Itazame juu ya karatasi nyeupe iliyotandikwa chini yake: ina umanjano wa chai ya rangi. Matoleo ya mwanzo yalitiwa thoriamu, metali yenye mionzi hafifu, ili kioo kipinde mwanga zaidi. Mionzi hiyo hukigeuza rangi polepole. Wenye lenzi hizi huzianika juani zikarudi kung'aa; hii hatukuianika.