Dohani na ekzosi

Kwenye gereji za Changamwe, zinakopita malori yanayotoka bandari ya Kilindini, ni nadra kumsikia fundi akisema "dohani". Bomba la moshi la gari ni ekzosi, basi. Dohani, neno lililotokana na "dukhan" la Kiarabu, yaani moshi, limebakia kwa meli na viwanda. Ajabu kidogo, maana kazi ni ileile.

Siku hizi ekzosi huvishwa nguo. Anayetaka kupunguza joto chini ya boneti huizungushia utepe wa faibaglasi, na jina linaloufaa zaidi ni bandeji. Kazi yafanyika nyumbani, injini ikiwa imepoa kabisa. Bomba husuguliwa kwa msasa, utepe hulowekwa ulainike, kisha huzungushwa kwa kuvutwa, kila mzunguko ukipanda kidogo juu ya uliotangulia. Ncha hukazwa kwa klipu za chuma kisichoshika kutu. Glavu na mikono mirefu ni lazima: vile vinyuzi vya kioo huwasha kama upupu.

Injini ikiwashwa mara ya kwanza, bandeji hufuka moshi. Gari haliungui.

Tatizo la pwani ni jingine. Likoni na Kisauni hewa ina chumvi, na utepe huo hushika unyevu, bomba la chuma cha kawaida likaliwa na kutu ndani kwa ndani huku nje pakionekana safi. Gari la mashindano huvumiliwa hilo. La kubebea abiria Likoni hadi Ukunda, afadhali fedha ya utepe inunue gasketi mpya ya ekzosi.