Blogu, Globu na Gazeti Tando

Blogu ni ukurasa wa mtandaoni wa mtu mmoja au kikundi, ambamo chapisho jipya hukaa juu, kila chapisho lina tarehe na anwani yake, na wasomaji huacha maoni chini. Desemba 1997 Mmarekani Jorn Barger aliunganisha maneno mawili ya Kiingereza, la wavuti (web) na la kitabu cha kumbukumbu za safari (log). Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata neno hilo kwa utani, akabakiza kipande cha mwisho na herufi moja ya mbele. Kiswahili kilichukua kipande hicho, kikakitia irabu.

Ndesanjo Macha, mwandishi wa blogu ya Jikomboe, ni miongoni mwa walioeneza neno blogu katikati ya miaka ya 2000. Wengine walipendelea gazeti tando. Jina zuri, ila kwa maoni yangu lilidanganya kidogo. Gazeti lina mhariri na zamu. Mwenye blogu ndiye mwandishi, mpiga picha na karani wa matangazo. Tena gazeti la jana sokoni Mbinga, mkoani Ruvuma, hufungiwa karanga, ilhali chapisho la jana linashuka tu, na ukilitafuta utalikuta.

Muhidin Issa Michuzi alianza blogu yake Septemba 2005 akiwa Helsinki. Wasomaji aliwaita wadau, na blogu yenyewe akaibatiza Globu ya Jamii. Globu, kwa fundi umeme, ni ile ya taa. Wasanifu wa istilahi wangeguna, lakini wadau walielewa na kucheka.

Fedha je? Google ilianzisha AdSense mwaka 2003: tangazo lilijiweka lenyewe, mwenye ukurasa alilipwa likibofywa, malipo yakifika dola 100. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwamo katika lugha zilizokubaliwa. Aliyeandika Kiswahili alibaki kuuza nafasi ya pembeni mwenyewe, kwa kumjua mtu kwenye kampuni ya simu au benki. Biashara hiyo ilitaka mtu awe Dar es Salaam.

Ruvuma ilikuwa mbali nayo. Mkulima wa kahawa wa Umatengo, kwenye miteremko ya Mbinga, aliuza kupitia ushirika au kwa mnunuzi aliyemfuata. Blogu isingempandishia bei. Faida ya blogu ilikuwa nyingine: Maisha na Mafanikio, blogu iliyoandikwa Sweden na mzaliwa wa Ruvuma, iliwapa waliotawanyika mahali pa kuzungumzia nyumbani. Haikuwa duka.

Kilicholeta duka ni simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam 2009, na lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ikaja baadaye sana. Leo mchuuzi wa dagaa wa Mbamba Bay au Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, anapiga picha chanja lake, anaandika bei ya ndoo na namba ya simu, anaiweka kwenye status ya WhatsApp. Mteja wa Songea anatuma pesa, mzigo unapanda gari. Je, huko ni kublogu? Hapana. Picha ile hufutika baada ya saa 24, na mteja wa kesho hawezi kuulinganisha mzigo huu na wa mwezi uliopita. Jina lake ni biashara mtandao. Blogu bila kumbukumbu zake si blogu.

Sheria nayo ilifika kwenye neno hili. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilimtaka mwanablogu awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa ada za kuanzia zilizotajwa kufikia takriban shilingi milioni 2.1. Baadhi walifunga kurasa zao. Aliyetaka kuandika bei za kahawa kila wiki kutoka Mbinga, bila tangazo hata moja, alikuwa akidaiwa kama mwenye kampuni, wakati mchuuzi wa Liuli aliendelea kupiga picha chanja lake bure.